Kishingo hajanyonyoka: manyoya, magamba na mdomo vinavyoanza ndani ya yai

MAZENGO: Haya da Neema, leo tuko ndani ya yai. Nianze na kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, maana huku Dodoma na Singida utamkuta karibu kila kijiji, shingo tupu nyekundu, watu wanasema amenyonyoka.

NEEMA: Hajanyonyoka kaka, hapo hapajawahi kuota kitu. Kuku anaatamia siku 21 si ndio, sasa siku ya 6 kwenda ya 7 kifaranga mgongoni anaanza kutoka vidoa, ngozi ya juu inanenepa kidogo na chini yake seli zinajikusanya, kila kidoa ndo unyoya mmoja wa baadaye. Vinaanza katikati ya mgongo halafu safu kwa safu kwenda ubavuni, na vinaachiana nafasi vizuri mno.

MAZENGO: Nani anavipangia nafasi?

NEEMA: Protini. Kuna zinazosema ota, za kundi la FGF, na kuna BMP zinasema hapana, kwahiyo kidoa kikishashika kinazuia majirani wasiote karibu. Kishingo sasa ana mabadiliko kwenye vinasaba, BMP12 inatengenezwa kupita kiasi kwenye ngozi, na ngozi ya shingo ina asidi ya retinoiki, ile inayotokana na vitamini A, inayoifanya iitikie zaidi hilo katazo. Mgongo unahimili, shingo inashindwa. Hii ilionyeshwa Edinburgh 2011.

MAZENGO: Na kwa jua letu hili inamsaidia kweli, joto linatoka shingoni kirahisi. Sasa miguuni je? Pajani manyoya, chini magamba, na kuku ni yuleyule.

NEEMA: Yani hapo ndo napapenda kuliko pote! Mwamuzi ni tabaka la chini la ngozi. 1954 Cairns na Saunders kule Marekani walitoa tishu ya chini ya ngozi ya paja la kiinitete, yaani kifaranga kinachojengeka ndani ya yai, wakaipandikiza kwenye bawa, na ngozi ya juu, ambayo ni ya bawa kabisa, ikaotesha manyoya ya mguuni.

MAZENGO: Ikatii tu?

NEEMA: Ikatii. Halafu 2023 watafiti wa Geneva wakachoma dawa ndani ya yai siku ya 11, ya kuamsha njia moja ya mawasiliano ya seli inaitwa Sonic hedgehog, yale magamba madogo ya nyayoni yakageuka manyoya, na kuku wakakua nayo hivyohivyo, dawa mara moja tu.

MAZENGO: Duh. Mdomo nao?

NEEMA: Mdomo una wenyewe, seli zinazohamia usoni kutoka kwenye mgongo wa kiinitete, pale ubongo unapojengeka. 2003 Schneider na Helms walipandikiza seli hizo za bata kwenye kiinitete cha kware, nacho kikaota mdomo wa bata.

MAZENGO: Wenye kuku wa manyoya mpaka vidoleni tutumieni picha bas, wiki ijayo tunaanza na hao.

NEEMA: Na mseme mama wa kuku huyo alikuwaje, nataka kujua hasa hicho.