Hamira Inayonuka Sandali

MWANAKOMBO: Hamjambo wasikilizaji, karibuni kipindini. Mimi Mwanakombo, niko Mombasa, na mwenzangu Mwalimu Faraji yuko Tanga. Leo ameniahidi kunieleza vipi hamira inatoa harufu ya sandali. Nimemwambia akinizungusha namkatia laini.

FARAJI: Hutakata, dada yangu, habari yenyewe tamu. Tena hamira si ya ajabu. Ni *Saccharomyces cerevisiae*, hii hii ya mahamri.

MWANAKOMBO: Mahamri nimekaanga tangu nikiwa mdogo, hayajanuka sandali hata siku moja.

FARAJI: Hayanuki kwa sababu chachu inaishia katikati ya njia. Ikishakula sukari, inaibadilisha hatua kwa hatua mpaka inapata molekuli yenye kaboni 15, farnesili pirofosfati. Hiyo inaitumia kutengeneza ergosteroli, kitu kinachoimarisha utando wa seli yake. Sasa mti wa msandali nao, ndani ya kiini chake, unaanzia kwenye molekuli hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kemia, kinachoipokea.

MWANAKOMBO: Kwa hivyo watu wanaivizia pale njia panda.

FARAJI: Hapo hapo. Kuna jeni ya chachu inaitwa ERG9, ndiyo inayofungua njia ya ergosteroli. Wanaipunguza nguvu. Hawaizimi kabisa, maana bila ergosteroli chachu inakufa na kazi imeisha. Halafu wanaitia jeni ya msandali wa India, *Santalum album*. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada na Australia walichapisha jeni inayotengeneza santaleni, na inafanya kazi ndani ya chachu.

MWANAKOMBO: Na jeni hiyo wanaichota wapi? Wanakata mti?

FARAJI: Wakishausoma mpangilio wake mara moja, mti wanaachana nao. Jeni inaandikwa upya maabara kwa kemikali, na herufi zake zinarekebishwa kidogo ili chachu izisome bila taabu. Lakini usifurahi mapema. Santaleni bado si sandali. Inataka itiwe oksijeni, mahali pamoja tu kwenye molekuli, ndipo iwe santaloli, yenye harufu yenyewe.

MWANAKOMBO: Oksijeni moja tu? Na sisi tunavuta hewa bure!

FARAJI: Hiyo moja iliwatesa miaka. Vimeng'enya vya kundi la P450 ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, na ni vya kudekezwa: vinataka kimeng'enya kingine cha kuvipelekea elektroni, na ndani ya chachu viko ugenini. Vya kwanza kupatikana viliitia oksijeni vizuri, ila sehemu kubwa ya santaloli iliyotoka ilikuwa imegeuka upande usiotakiwa. Atomi zile zile, idadi ile ile, umbo kinyume. Kimeng'enya kinachotoa umbo la sandali ya kweli kilichapishwa 2016, na walikitafuta pale pale kwenye kiini cha mti, si kwenye majani.

MWANAKOMBO: Hapo nakuelewa kabisa. Wauza marashi wa huku ukiwaletea chupa hawanusi mara moja wakasema. Wanakupaka mkononi, unaambiwa nenda sokoni, zunguka, urudi alasiri. Iliyochakachuliwa inakuwa imeshakimbia zamani. Haya, sasa hiyo chachu ikishajua kazi?

FARAJI: Inatiwa kwenye tangi kubwa la chuma, inalishwa sukari na kupulizwa hewa. Manukato haya mengi ni sumu kwa chachu yenyewe, kwa hiyo maabara mara nyingi wanamwaga mafuta juu yake, manukato yanahamia kwenye mafuta na chachu inapumua. Baadaye yanatenganishwa na kusafishwa.

MWANAKOMBO: Subiri, mwalimu. Kuna wasikilizaji wameshakunja uso. Chachu na sukari ni pombe. Sisi tunapaka mafuta ya sandali tukienda msikitini.

FARAJI: Chachu ikipewa hewa ya kutosha na sukari kidogo kidogo, nguvu zake hazielekei sana kwenye pombe. Na hata pombe ikitoka kidogo, kinachouzwa ni mafuta yaliyotenganishwa na kukenekwa. Kemia ndiyo hiyo. Hukumu yake waulize masheikh, mimi nafundisha bayolojia.

MWANAKOMBO: Umejitoa vizuri. Na biashara yenyewe ipo, au bado tuko maabara?

FARAJI: Ipo. Kampuni za Amyris ya Marekani na Firmenich ya Uswisi mwaka 2014 walitoa Clearwood, kiambato cha manukato kinachofanana na pachuli, mmea ambao mafuta yake mengi hutoka Indonesia. Amyris walikuwa wamejenga kiwanda Brotas, Brazil, jirani na mashamba ya miwa, maana chakula cha chachu ndicho gharama. Santaloli nayo BASF ya Ujerumani waliitoa 2020, ingawa wao wanatumia bakteria badala ya chachu.

MWANAKOMBO: Na Amyris wakatajirika.

FARAJI: Agosti 2023 waliomba ulinzi wa mahakama, wamefilisika.

MWANAKOMBO: Eee!

FARAJI: Sayansi ilikubali, hesabu zikakataa. Na si mara ya kwanza. Unaikumbuka artemisinini, dawa ya malaria? Chachu ya kutengeneza mama yake, asidi ya artemisini, ilitoka kwenye maabara ya mwanasayansi Jay Keasling huko Berkeley, Marekani, 2006. Kampuni ya dawa ya Sanofi wakaanza uzalishaji Garessio, Italia, 2013. Wakulima wa artemisia, mmea unaotoa dawa hiyo, wa China, na hata wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakaambiwa siku zao zimehesabiwa. Bei ya shambani ikashuka, na kiwanda ndicho kilichosimamisha kazi.

MWANAKOMBO: Mimi sishangai. Mkulima akibanwa anauza kwa hasara ale, kampuni ikibanwa inafunga. Tusimpongeze mkulima kwa kushinda hivyo.

FARAJI: Sawa, nakubali. Lakini msandali ni kesi nyingine, nami hapa nina upande. Wetu wa Afrika Mashariki, *Osyris lanceolata*, haupandwi sana. Unachimbwa porini, na kwa sababu mafuta yako kwenye mizizi na shina la chini, unang'olewa mzima. Tena miti hiyo ina majike na madume, ukimaliza majike hakuna mbegu. Kenya ilipiga marufuku uvunaji 2007, na mwaka 2013 msandali wa ukanda huu ukaingizwa kwenye mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara. Magari bado yanakamatwa.

MWANAKOMBO: Samburu, Kajiado, kila mara tunasikia. Anayekamatwa ni dereva.

FARAJI: Basi hapo tangi likishusha bei ya santaloli, mimi nashangilia. Hakuna anayepoteza shamba.

MWANAKOMBO: Anayenunua gogo kwa magendo anataka gogo, mwalimu. Wenye kuchoma vipande vyetezoni hawachomi mafuta ya tangini. Utapunguza wanunuzi, hutawamaliza. Na mimi nawawazia Wangazija na langilangi yao. Ua lile linachumwa kwa mkono, mwaka hadi mwaka, mti haufi, akina mama wanasomesha watoto.

FARAJI: Langilangi ina kinga yake. Mafuta yake ni mchanganyiko wa viambato vingi mno, na chachu moja kwa kawaida inafundishwa kutoa kimoja au vichache. Sandali imekamatika kwa sababu santaloli mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mafuta.

MWANAKOMBO: Na karafuu je? Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kiambato kimoja, eujenoli. Pemba wajiandae?

FARAJI: Kwa mantiki hiyo, karafuu ingekuwa ya kwanza kuliwa. Lakini eujenoli inapatikana kwenye majani na makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, vitu ambavyo mchumaji angevitupa. Kile kiwanda cha makonyo Wawi, Chake Chake, kinakeneka makonyo hayo. Nani atanunua sukari ashindane na makonyo?

MWANAKOMBO: Mpaka sukari iwe rahisi kuliko makonyo.

FARAJI: Kwa bei ya sukari ya Tanga ya wiki hii? Wapemba walale usingizi.