Pima, wari, mkono, shibiri

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Mtwara. Naomba kijana mmoja asimame, atanue mikono. Ahsante. Toka ncha ya kidole cha kati cha kulia hadi cha kushoto, hiyo ndiyo pima. Sasa mshikishieni kamba hiyohiyo toka utosini hadi nyayoni. Mnaona? Karibu sawa. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliliandika jambo hili miaka 2,000 hivi iliyopita, nanyi mmelihakiki kwa dakika moja.

Ikunjeni kamba katikati: mmepata wari. Kunjeni tena: mkono, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mara ya tatu ni shibiri, gumba hadi kidole cha mwisho, kiganja kimetanuliwa. Fundi asiyejua hata tarakimu moja aliweza kugawa ukuta nusu, robo na thumni kwa kukunja kamba tu. Mimi hilo nalihesabu kuwa elimu kamili.

Wamisri wa kale walijinyima wepesi huo. Mkono wao wa kifalme, kama sentimita 52, ulikuwa na viganja 7, kila kiganja vidole 4, na saba haikunjiki. Hata hivyo piramidi la Khufu lilijengwa kwa mkono huo, kila upande wa kitako mikono 440. Waliwezaje? Mkono ulitolewa mwilini, ukachongwa kwenye fimbo, na mafundi wote wakapimia kipimo kimoja.

Huku kwetu ugomvi ulikuwa kwenye nguo. Katika karne ya 19, misafara ilipobeba merikani, yaani kitambaa cha pamba, kwenda bara, shuka ilihesabiwa mikono minne na doti mikono minane. Mkono wa nani, sasa? Muuzaji angependa wa mfupi, mnunuzi amlete shemeji yake mrefu! Wari ya dukani, yaani yadi, haina ugomvi huo: tangu mwaka 1959 yadi imefungwa kwenye mita 0.9144, awe mfupi, awe mrefu.

Baharini ni habari nyingine. Mvuvi wa mshipi akivuta kamba kwa kutanua mikono, kila mvuto ni pima, na anahesabu hukohuko gizani bila kushika fimbo. Aliyeishusha ndiye anayeipandisha, kwa mikono ileile, hivyo urefu wake yeye haumdhulumu mtu. Taabu huanza akimwelekeza mwenzake mwamba wa changu ulipo, akamwambia "pima kumi na tano", na huyo mwenzake kimo chake kinamfika begani.