Mafuta Yapite Wapi Filta Ikishindwa?

Mhadhara kwa vijana mafundi, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Nawashukuru bapapa na bamama mlioacha kazi zenu mkaja, na ninyi vijana mliotoka Katuba kwa miguu. Leo tunazungumza juu ya filta ya mafuta kwenye motere za ndege ndogo ambazo watu wanajijengea. Kwanza tuelewane neno moja. Leo nikisema mafuta, ni mafuta ya motere. Kile kinachowaka ndani ya silinda nitakiita esansi, kama tunavyosema kila siku.

Shikeni hiki, mpitishiane. Ni wavu wa waya uliotoka chini ya motere ya Volkswagen ya zamani, ile Coccinelle. Watu wengi wanaojijengea ndege ndogo huichagua motere hiyo kwa sababu inapozwa kwa hewa na vipuri vyake havijaadimika. Kiwandani haikuwekewa filta ya karatasi. Iliwekewa wavu huu tu, ndani ya tumbo lenye lita 2 na nusu za mafuta. Uinueni kwenye mwanga. Mnaona matundu? Kipande cha gasketi hakipiti hapo. Lakini unga wa chuma unapita kama maji kwenye chekecheo. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita, na nafasi kati ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi inayoubeba ni ndogo kiasi hicho hicho. Chembe inayoumiza beringi ni ile ambayo jicho haliioni.

Kwa gari, wavu ulitosha. Gari linapanda mlima, linashuka, linapumzika, na likikufia njia ya Likasi unashuka unangoja msaada. Motere ya ndege inavuta kwa nguvu tangu iondoke chini, na haina mahali pa kukufia. Hata Lycoming, kampuni ya motere za ndege, ambayo motere zake nyingi za zamani zilitoka na wavu, inasema hivi: mwenye wavu peke yake abadilishe mafuta kila saa 25 za kuruka, mwenye filta ya kuchuja mafuta yote, kila saa 50, na kwa wote wawili, miezi 4 ikifika kabla ya saa hizo, mafuta yamwagwe. Filta imeongeza umri wa mafuta mara mbili.

Nimesema filta ya kuchuja mafuta yote. Ipo nyingine inayochukua sehemu ndogo tu ya mafuta, inayachuja taratibu na kuyarudisha tumboni. Inasafisha vizuri sana, lakini mengi yanayokwenda kwenye beringi hayajapita kwake. Kwa ndege mimi nachagua ile ya kwanza, sibishani juu ya hilo.

Sasa tufike penye kiini. Ukiweka karatasi katikati ya njia ya mafuta, umeweka pia kitu kinachoweza kuiziba njia hiyo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila filta, kabla ya bei na kabla ya jina, ni hili: wewe ukishindwa, mafuta yapite wapi?

Jibu liko kwenye vali ndogo yenye springi. Naiita vali ya mchepuko. Karatasi ikikataa kupitisha mafuta, presha upande wa kuingia inazidi ya upande wa kutoka. Tofauti ikifika kiasi fulani, kwenye filta nyingi za gari kati ya nusu bari na bari moja hivi, vali inafunguka na mafuta yanapita bila kuchujwa. Motere inakunywa mafuta machafu, lakini inakunywa. Beringi ikipata mafuta machafu inachakaa. Ikikosa mafuta inaungua papo hapo.

Msiichanganye na ile vali nyingine iliyo kwenye mwili wa motere, inayozuia presha yote isipande kupita kiasi. Hizo ni kazi mbili. Nimeona kijana mwenye bidii sana akiniambia, «Papa, vali ninayo,» kumbe anayo ile moja tu.

Tena kuna magari ambayo vali ya mchepuko imejengwa ndani ya motere, na kwa hiyo filta yake haina. Ukiitoa filta hiyo kwenye gari lake ukaifunga kwenye kikalio, yaani mahali filta inapokalia, ulichojitengenezea, huna mchepuko popote. Kwa nje haionekani tofauti.

Na hapa kwetu vali hiyo haingoji uchafu. Mnazijua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, tunapovaa makoti na mikono inauma. Mafuta yaliyolala usiku kwenye baridi hiyo ni mazito kama asali. Ukiwasha na kukanyaga mara moja, hayawezi kupita kwenye karatasi kwa haraka hiyo. Vali inafunguka, na motere inaoga mafuta yasiyochujwa. Ukifanya hivyo kila asubuhi, umenunua filta ya mchana. Dawa yake ni subira: motere izunguke polepole mpaka mafuta yapate moto. Watengenezaji wa Rotax 912, motere ya ndege ndogo, wamekuandikia kabisa: mafuta yakiwa chini ya digrii 50 usiruke. Wao pia wanataka filta yao wenyewe kwa motere hiyo. Wasikilizeni.

Jambo la pili ni nyuzi za skrubu, na hapa nazungumza kwa uchungu. Filta nyingi zinazouzwa sokoni kwetu zinafungwa kwenye stadi, kile kijiti chenye nyuzi kinachotokeza kwenye kikalio, ya robo tatu ya inchi yenye nyuzi 16 kwa inchi. Upana wake ni milimita 19 na kidogo. Lakini zipo nyingine za milimita 20, zenye nyuzi zinazoachana milimita moja na nusu. Weka mbili hizo kando kwa kando, jicho halitofautishi. Siku moja niliuziwa ya milimita 20, nikaifunga kwenye stadi ya robo tatu. Iliingia kwa ulaini, na ikawa inacheza kidogo kama jino la mtoto. Mpira wake ulipogusa kikalio, ikakaza, nikaridhika. Tuliwasha motere ikiwa imefungwa kwenye fremu chini. Presha ilipopanda, filta iliruka ikagonga ukuta, na mafuta yote yakawa sakafuni kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Nyuzi zilikuwa zimeshikana kwa ncha tu. Kijana aliyekuwa amesimama mbele yake alikuwa ametoka dakika ile kwenda kuchota maji. Tangu siku hiyo napima kila filta kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, hata kama namba imeandikwa kwenye boksi.

Filta za ndege zina kichwa cha pembe sita chenye tundu la kupitishia waya wa usalama, ili mtetemo usiilegeze. Ya gari haina. Ukiitumia, ifunge mkanda wa chuma kiunoni, kisha waya kutoka mkanda hadi kwenye mwili wa motere.

Mahali pa kuiweka nitapita haraka. Kwa Volkswagen, njia ya kawaida ni kifuniko cha pampu chenye mdomo wa kutolea mafuta: unaziba njia ya zamani, mafuta yanakwenda kwenye filta, yanarudi kwa tundu ulilotoboa kwenye mwili wa motere. Mwili huo ni wa magnesi, nyuzi zake zinakufa upesi, na utoboaji ufanywe motere ikiwa imefunguliwa yote, la sivyo utakuwa umejimwagia mwenyewe chembe unazozikimbia. Filta ikikaa mbali, kwenye ukuta wa moto, yaani ule unaotenga motere na rubani, ni rahisi kuibadilisha, lakini kila mpira wa kupitishia mafuta ni mahali papya pa kupasuka. Pampu haijui kama mpira umepasuka. Lita 2 na nusu zinaisha chini ya dakika moja. Mipira iwe mifupi, ya aina inayovumilia moto na mafuta, na isisugue chuma popote.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza kuhusu vumbi letu jekundu. Mama, vumbi hilo linaingia kwa njia ya hewa. Likishapita pistoni na kuingia kwenye mafuta, limeshakwangua silinda. Filta ya mafuta italikamata likiwa limemaliza kazi yake mbaya. Tengenezeni kwanza filta ya hewa.

La mwisho ni kuifungua. Filta iliyotoka kwenye motere haitupwi. Inakatwa kwa kikata cha kuzunguka kama cha kufungulia kopo, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno unamwaga chembe zake na hutajua zipi ni za motere. Karatasi inatolewa, inakunjuliwa, inaoshwa ndani ya chombo safi, halafu unapitisha sumaku. Kinachorukia sumaku ni chuma: ringi, silinda, kemshafti. Cheupe kisichoshikwa kinaweza kuwa alumini ya pistoni. Cha manjano ni cha bushi. Motere mpya hutoa kidogo saa za mwanzo, hiyo isikutishe; kinachotisha ni kuona leo kingi kuliko mara iliyopita. Kwa hiyo kila karatasi iwekwe kwenye mfuko, iandikwe tarehe na saa za motere.

Hapa mezani ninazo tatu za motere moja, zimepangwa kwa saa. Futeni mikono kwanza, halafu mje wawili wawili. Sumaku ni ile iliyofungwa ndani ya plastiki. Anzeni na ya kushoto, na kabla sijasema lolote, kila mmoja aniambie ni ipi kati ya hizo iliyonifanya nifungue silinda.