Huruma ya Mtu Anayeumwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua kwa wengine humu kufika tu ni kazi kubwa, kwa hiyo atakayetaka kusimama, kujinyoosha au kutembea kidogo huku naongea, asiombe ruhusa.

Tumezoea kuambiwa namna watu wazima wa afya wanavyopaswa kutuhurumia. Hilo bado linahitajika, wala silipingi. Lakini leo nawazungumzia ninyi, na mimi pia ambaye mgongo umenisumbua kwa miaka: sisi tunaoumwa kila siku, tunaishije na wanaotuzunguka?

Kitabibu, maumivu huhesabiwa kuwa sugu yakidumu au yakijirudia kwa zaidi ya miezi 3. Pengine jeraha lililoyaanzisha limeshapona, ila neva, yaani mishipa ya fahamu, zinaendelea kutuma taarifa kana kwamba mwili bado uko hatarini. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kuwa taarifa hizo hazipandi moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Kwenye uti wa mgongo zinapita mahali panapofanya kazi kama lango, na ubongo wenyewe una sauti katika kulifungua au kulibana. Kuna mambo yameongezwa na kusahihishwa tangu hapo, lakini jambo moja limebaki: hofu, usingizi mbovu na upweke huweza kuyazidisha maumivu yaleyale.

Nayasema haya kwa sababu wengi wenu mnajihukumu vibaya. Rafiki anakusimulia matatizo yake ya kazi, wewe nusu ya akili iko kwenye nyonga. Kesho hukumbuki hata alichosema, unajiona umekuwa mtu wa roho ngumu. Hapana. Maumivu yanadai usikivu wako, na usikivu wa binadamu una kiasi.

Shida kubwa naiona kwingine kabisa, nayo ni usoni. Mtoto anakuja na daftari lake, anataka umwone alivyochora. Wakati huohuo mgongo unakukata. Unakunja uso, unafumba macho, unasema kwa mkato, "Baadaye." Wewe umeukunjia uso mgongo. Yeye ameona mzazi aliyechukizwa na mchoro wake. Anafunga daftari na kurudi alikotoka, na pengine hatalileta tena. Mwenza wako naye, na mwenzako wa kazini, husoma uso huohuo na kujijibia wenyewe.

Ndiyo maana nasema huruma yetu huanza kwa kutamka maumivu. Wengi tumelelewa kujikaza, tukidhani kunyamaza kunawapunguzia wengine mzigo. Mara nyingi kunawaongezea, maana wanabaki kukisia kosa lao ni lipi. Mwambie mtoto: "Mgongo unaniuma sana sasa hivi. Hujakosea chochote. Niwekee daftari hapa, nitalitazama jioni." Na jioni ulitazame kweli. Ukishindwa, usilipitishe kimya kimya, mwambie tena.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mtu anakuja analalamika kalala vibaya, shingo imekaza. Ndani yako kuna sauti inasema: ungeyapata yangu wewe! Naielewa sauti hiyo, na naomba tusiipe nafasi. Mkiulizwa hospitalini maumivu yako wapi kati ya 0 na 10, namba mnayotoa ni yenu. Muuguzi hailinganishi na ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Tumpe mwenye shingo haki hiyohiyo. Tena sisi ndio tunaojua cha kumwambia, kwa sababu tunajua yanayochosha: ushauri ambao hukuuomba, hadithi ya shangazi aliyepona kwa majani fulani, swali la "bado tu?" Tunajua pia raha ya mtu anayekuuliza, "Nikae nawe au nikuache upumzike?"

Nimfikirie kidogo mchoraji wa Meksiko, Frida Kahlo. Mwaka 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu, yaani treni ya mjini inayopita barabarani, akavunjika uti wa mgongo na nyonga. Aliishi na maumivu hadi kifo chake mwaka 1954. Mwaka 1943 alianza kufundisha katika shule ya sanaa, na mwili ulipomshinda kwenda na kurudi, wanafunzi wakamfuata nyumbani kwake Coyoacán. Wachache waliodumu naye wakaja kuitwa Los Fridos. Sitaki mtoke hapa mkijilinganisha naye. Ninachokipenda ni kwamba alitoa alichokuwa nacho, mahali ambapo mwili wake uliweza.

Kwa wengi wetu kitu hicho ni kidogo: ujumbe wa maneno machache kwa mgonjwa mwenzako, au kumsikiliza mtu ukiwa umelala chali, simu pembeni. Siku ukipata nafuu usikimbilie kulipa madeni yote ya wema kwa mkupuo, maana siku zinazofuata utaanguka na wanaokutegemea watayumba nawe. Na siku mbaya kabisa, mwambie anayekuhitaji: "Leo siwezi, lakini nimemwomba fulani akupigie." Kisha umpigie huyo fulani kabla hujajilaza.

Naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na mama pale ukutani, karibu.