Usiku pumzi inaposimama: kichanga mwenye Prader-Willi

Haya jamani, wakubwa shikamooni. Naanza na yule mtoto ambaye ndugu wakija kumwona wanasema mashallah katulia, halii, analala tu. Mbebe sasa: mikono na miguu inaning'inia, titi havuti mpaka wengine wanalishwa kwa mrija wa puani, akilia sauti haitoki. Sababu za kulegea hivyo ni nyingi, mojawapo ni Prader-Willi, hali ya kuzaliwa nayo, madaktari wa Uswisi waliieleza mwaka 1956, inampata kama mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 30,000. Zile jeni (vinasaba tunavyorithi) za upande wa baba kwenye kromosomu ya 15 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni) hazipo au hazifanyi kazi, na mara nyingi sana inatokea tu yenyewe, kwa hiyo mawifi mnaomsema mama wa mtoto naomba muache kabisa.

Sasa usiku. Kukoroma tunakujua, koo linabana, kifua kinahangaika na hewa haipiti. Hiyo ipo kwao pia, hasa wakishakua wakanenepa au tonsili zikivimba. Lakini kwa wachanga tatizo kubwa ni ubongo wenyewe kutotoa amri ya kuvuta pumzi, kifua kinatulia tuli, hakuna kukoroma hakuna kuhangaika, mama kalala pembeni hasikii kitu na oksijeni huku inashuka. Ndo maana napiga kelele, hii kwa sikio huipati! Kichanga yeyote husita sekunde 5, hata 10, kawaida hiyo, ila zikifika 20, au hata kabla ya hapo midomo ikabadilika rangi, mkimbizeni hospitali.

Kwa hiyo apimwe. Kile kidude cha kubana kidole tulichokizoea kipindi cha korona, kipo cha wachanga, kinafungwa mguuni usiku kucha. Kipimo kamili ni kulala hospitali na nyaya kichwani, kifuani na puani, hicho ndo kinaonyesha ni koo au ni ubongo, maana tiba sio moja: ya ubongo wengine wanapewa oksijeni kidogo wakilala na wengi inapungua wakikua, ya koo inaweza kutaka upasuaji au mashine ya kusaidia kupumua.

Homoni ya ukuaji, Marekani waliiruhusu kwa watoto hawa mwaka 2000, inasaidia misuli kweli, lakini wapo waliofariki wakiwa wanaitumia, hasa wanene sana na wenye shida ya kupumua. Usingizi upimwe kabla ya kuanza, urudiwe baada ya kuanza, msikubali kuruka hapo.

Dada uliyenyoosha mkono, hapana, dawa ya mafua inayosinzisha usimpe bila daktari wake kujua, inaweza kuizidisha shida hiyohiyo ya pumzi.