Tuanze na "Get", Mengine Yatafuata

Asanteni, kaeni. Naona wengine mmeshafungua daftari na kuchora mstari katikati: neno la Kiingereza upande huu, maana upande ule. Fungeni kwanza. Daftari la namna hiyo lilinichelewesha miaka, na nalipigia kelele kila ninapopewa maikrofoni, kwa hiyo mliokwisha kunisikia mnivumilie.

Nilikuwa kijana, daftari langu lina maneno mia nane. Najua "magnanimous". Najua "perspicacious", ambalo mpaka leo sijapata wa kumwambia. Siku moja nikapiga simu ofisi fulani kuulizia kazi. Akapokea mama mmoja, nikajitambulisha kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo. Akasema, "Hang on." Nikapiga hesabu: "hang" ni kutundika, na simu niliyotumia ilikuwa ya ukutani, ukimaliza unatundika mkonga. Nikatundika. Nikajiambia, kila ofisi na adabu zake.

Nikapiga tena. "Hang on, please." Safari hii kaongeza na "please"! Nikatundika kwa heshima zaidi. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mara ya nne sauti ya mama wa watu imeshapanda: "Please don't hang up!" Nikaganda, mkonga sikioni. Mara nitundike, mara nisitundike, huyu anataka nini? Alipokuja kuniunganisha na mhusika, jina langu mwenyewe lilikuwa limenitoka. Kazi sikupata.

Chekeni tu. "Hang on" ni subiri kidogo, "hang up" ni kata simu. Kilichonitia aibu ni kijineno cha herufi mbili, ambacho kwenye daftari langu hakikuwamo kwa sababu nilikiona cha watoto.

Sasa kuna anayesema moyoni kwamba lugha hii haina utaratibu. Ngoja. Wewe leo umepiga mswaki, ukapiga pasi shati, ukapiga simu, ukapiga hodi, na pale nyuma kuna mtu anapiga miayo tangu nianze. Nani kaumia? Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa kwamba kupiga ni kuchapa, atajiuliza mswaki umekosa nini. Sisi hatukukariri "piga" peke yake. Tulilipokea likiwa limeshashikana mikono na wenzake.

Basi "get" ndiyo "piga" yao. Asubuhi ni "get up". Ugonjwa ukikuisha ni "get over". Kupatana na jirani ni "get along". Kuchoka ni "get tired", kufika nyumbani ni "get home", na kuelewa nayo ni "get it". Kwenye basi unaingia kwa "get on", kwenye teksi kwa "get in". Ukisema "get on the taxi" msikilizaji atakuona umekaa juu ya paa. Mtu aliyeandika kwamba "get" ni pata, akapiga mstari, akaenda neno jingine, huyo ameandika nini?

Hapa hunijia mjuaji. Mwalimu, si kulikuwa na Mwingereza aliyepunguza Kiingereza kikawa maneno 850? Alikuwepo: Charles Kay Ogden, mwaka 1930, na mpango wake aliuita Basic English. Vitenzi aliacha 18 tu, "get", "put", "take" na "give" vikiwemo. Winston Churchill, waziri mkuu wao, alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1943 akausifia. Lakini itazameni hesabu ile vizuri. "Put" imo, "up" imo, "with" imo, kwa hiyo "put up with" haihesabiwi kuwa neno jipya. Haya, niambieni nani kati ya hao watatu anayekudokezea kwamba wakikaa pamoja maana yake ni kuvumilia! Orodha ilipungua, mzigo ukabaki pale pale. Mwanaisimu J. R. Firth alilisisitiza hili mwaka 1957: neno utalijua kwa wale linaoandamana nao.

Na maneno mazito je, ya mitihani? Sijayafukuza. Mengi yaliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, ndiyo maana "begin" ikapata mwenzake mwenye suti, "commence". Ukimwambia mtoto mezani "commence eating" sarufi iko sawa. Mtoto ndiye atakayekutazama.

Lililonileta hasa ni hili la kuvaa, na naona saa inanikimbiza. Sisi tuna "anavaa" na "amevaa", kitenzi kimoja. Ukitafsiri "amevaa shati jekundu" kwa kufuata kiambishi, utapata "he has worn a red shirt", na nimelisikia kwa watu wenye shahada mbili. Wenyewe husema "he is wearing a red shirt", shati liko mwilini tayari. Akiwa bado anahangaika na vifungo, hapo ni "he is putting on a shirt". Kwa hiyo kesho ukiamka jisemee kila unachofanya, sentensi nzima: "I'm turning on the tap." "We've run out of soap." Ukikwama, pale ulipokwama ndipo penye somo lako la siku, na pengine ni kwenye sabuni, si kwenye "perspicacious".

Daftari fungueni sasa. Andika sentensi, usiandike neno. "Make a mistake" iandikwe yote, kwa sababu ukibaki na "mistake" tupu utaiwekea "do", sawa na mgeni anayetuambia mvua inaanguka. Irudie kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipoipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, inajulikana kwamba kipya kisichorudiwa huanza kumomonyoka mapema sana.

Matamshi nilikuwa nimeyatengea robo saa. Nimebakiwa na dakika mbili, kwa hiyo hayo basi. Wewe kaka uliyenyosha mkono tangu niko kwenye habari ya simu, uliza. Na tafadhali, "don't hang up".