Nani Anakaa Mezani: Uandishi wa Pamoja katika Vipindi vya Michezo ya Njozi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, na ninyi nyote mliokuja kusikiliza, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie vipindi vinavyorushwa kwenye intaneti ambamo kundi la waigizaji wa asili na hali mbalimbali huketi kuizunguka meza, hurusha dadu, na kwa muda wa saa mbili, tatu au hata nne hutunga hadithi ya njozi huku watazamaji wakifuatilia. Wanaovisifu vipindi hivi mara nyingi huanza na sura zinazoonekana kwenye skrini, na ni haki yao, kwa kuwa sura hizo hazikuwapo zamani. Mimi nitaanzia kwingine. Katika sanaa hii mchezaji ni mwandishi, na kwa sababu hiyo, kuuliza nani amealikwa mezani ni kuuliza nani anaitunga hadithi yenyewe.

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kutazama kipindi cha namna hii, nieleze kwanza jinsi mchezo unavyokwenda. Mtu mmoja ndiye mwongozaji, naye hueleza ulimwengu, miji yake na hatari zake, na huwasemea watu na viumbe wote ambao wachezaji wanakutana nao njiani. Kila mmoja wa wachezaji waliobaki ana mhusika wake aliyembuni mwenyewe, akampa jina, nasaba, tabia na jambo analolitafuta maishani. Mwongozaji huuliza, "Unafanya nini?" na mchezaji hujibu. Ikiwa jambo analotaka kulifanya lina mashaka, hurusha dadu yenye pande 20, hujumlisha na alama za ustadi wa mhusika wake, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, amefaulu. Uwezekano wa kupata 20 ni asilimia 5. Akiruhusiwa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa zaidi, uwezekano huo hupanda hadi asilimia 9.75. Nayataja mahesabu haya kwa sababu yanaathiri sanaa yenyewe. Hakuna mtu pale mezani, hata mwongozaji, anayejua kwa hakika tukio litaishaje, na hakuna mswada wa mazungumzo aliopewa mtu aukariri. Neno analolisema mchezaji huzaliwa pale pale, likitoka katika kumbukumbu zake, lugha aliyolelewa nayo, imani yake na mambo anayoyahofia.

Historia yenyewe nitaipitia kwa haraka. Mchezo mama wa michezo hii yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974, na watunzi wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa miongo kadhaa ulichezwa faraghani, na mtu wa nje hakuwa na njia ya kuuona isipokuwa aalikwe. Toleo la tano la sheria zake lilitoka mwaka 2014, na tarehe 12 Machi 2015 kundi la waigizaji wa sauti wakiongozwa na Matthew Mercer lilianza kurusha kipindi cha Critical Role kwenye Twitch, jukwaa la intaneti la matangazo ya mubashara. Mwaka 2018 kikafuata Dimension 20 kinachoongozwa na Brennan Lee Mulligan, na Januari 2025 kipindi hicho kiliujaza ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, watu wakiwa wamelipa kiingilio ili kuwatazama wenzao wakirusha dadu na kuzungumza.

Sasa turudi kwenye hoja. Katika filamu au tamthilia, mwigizaji anaweza kuchaguliwa kwa sababu ya asili yake halafu akapewa maneno yaliyoandikwa na mtu ambaye hajui lolote kuhusu asili hiyo. Mtazamaji humwona mtu mpya lakini husikia mawazo yale yale ya zamani. Meza ya michezo ya njozi hairuhusu jambo hilo kwa urahisi. Tuseme mwongozaji amesimulia kwamba msafara umefika kwenye bonde la maorki, viumbe wa njozi wanaofanana na watu, wanaosemekana kuwa waporaji. Meza ya watu waliolelewa na hadithi za aina moja itachomoa panga, na kwa dakika arobaini tutatazama vita. Lakini akiwapo mchezaji ambaye ukoo wake uliwahi kufukuzwa katika ardhi yake, yamkini mhusika wake atasimama na kuuliza ni nani aliyeleta habari za uporaji huo, na bonde hili lilikuwa la nani kabla barabara ya msafara haijapitishwa hapa. Mwongozaji hana budi kulijibu swali hilo papo hapo. Huenda hakuwahi kulifikiria, na sasa analazimika kumbuni mzee wa maorki mwenye jina, mwenye madai na mwenye wafu wa kuwalilia. Hadithi imegeuka, na aliyeigeuza hakuomba idhini ya ofisi yoyote ya waandishi.

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu hoja hii hupotoshwa kirahisi. Sisemi kwamba mchezaji mweusi, au mchezaji mwenye ulemavu, au mchezaji aliyebadili jinsia, anapaswa kila wiki kuyaleta mezani machungu ya jamii yake. Huo ungekuwa mzigo wa kikatili. Mchezaji huyo ana haki ileile waliyo nayo wengine ya kumbuni mchawi mzembe anayependa kofia na kuogopa kuku, na kumcheza kwa furaha miaka mitatu bila kumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Kwa kweli, nikitazama kipindi na kuona kwamba wageni kutoka jamii fulani huitwa tu pale hadithi inapohusu mateso ya jamii hiyo, huwa nahesabu kwamba waandaaji hawajaelewa wanachokifanya. Mwandishi kamili huruhusiwa kuandika upuuzi pia.

Mabadiliko haya hayakuishia kwenye vipindi. Sheria za mchezo zilikuwa na tatizo ambalo watu wengi wanaocheza hadharani walilisema waziwazi: viumbe kama maorki walichorwa kuwa waovu kwa kuzaliwa, na nguvu au akili ya mhusika ilifungamanishwa na damu yake. Kucheza faraghani na sheria kama hizo ni jambo moja. Kuzitetea mbele ya kamera, mchezaji mwenzako akiwa mtu ambaye babu zake walielezwa kwa maneno yanayofanana na hayo, ni jambo jingine kabisa. Mwezi Juni mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayoumiliki mchezo huu, ilitoa taarifa ikikiri kasoro hizo na kuahidi kuwaonyesha maorki na jamii nyingine za njozi kama watu wenye maadili na tamaduni zenye pande nyingi. Mwezi Novemba mwaka huohuo ilitoa kanuni zilizowaruhusu wachezaji kuzihamisha alama za uwezo, yaani namba zinazopima nguvu, akili na mengineyo, wapendavyo, na sheria mpya za mwaka 2024 ziliziondoa kabisa alama hizo katika asili ya kiumbe na kuziweka katika historia ya maisha yake, yaani kazi na malezi yaliyomfikisha alipo. Siwezi kusema kwamba vipindi peke yake ndivyo vilivyoleta mageuzi haya, lakini nina hakika kwamba viliyafanya yawe magumu kukwepa.

Mfano ninaoupenda zaidi unahusu ulemavu. Mwaka 2020 mbunifu Sara Thompson alitunga na kusambaza bila malipo kanuni za kiti cha magurudumu cha kivita, ili shujaa anayekitumia aweze kupigana, kupanda na kusafiri bila kwanza kuponywa kwa uchawi. Baadhi ya watu walikasirika, wakidai kwamba katika ulimwengu wenye uchawi hakuna anayehitaji kiti. Watu hao walikuwa tayari kuamini majoka yanayozungumza. Critical Role ilimwingiza katika hadithi yake mhusika anayetumia kiti hicho, na mwaka 2021 Jennifer Kretchmer, ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu na amecheza katika vipindi vingi, aliandika kisa rasmi cha Dungeons & Dragons ambamo mapango na majengo yamejengwa kwa namna ambayo mtu wa kiti anaweza kuyapita. Hapo ndipo uandishi unapoonekana kwa macho. Mbunifu asiyewahi kukwama mbele ya ngazi hufikiria ngazi tu. Anayejua kukwama hufikiria mteremko, na ulimwengu wa hadithi hubadilika umbo lake.

Pamoja na hayo, si viti vyote vya mezani vilivyo sawa. Kiti cha mwongozaji kina mamlaka makubwa kuliko vingine, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua nani ni mfalme, nani ni mgeni, mungu yupi hujibu sala na kiwango kipi cha dadu kinatosha. Kundi linaweza kuwa na wachezaji wa kila asili na bado likaishi ndani ya ulimwengu wa mtu mmoja ambaye mazoea yake hayajaguswa. Ndiyo maana naiheshimu sana Rivals of Waterdeep, iliyoanza mwaka 2018 ikiwa na wachezaji wasio wazungu, ambayo ilikipokezana kiti cha mwongozaji miongoni mwa wachezaji wenyewe. Kila aliyekikalia aliuangazia mji uleule wa kubuniwa, Waterdeep, kwa taa tofauti. Vilevile, Critical Role ilipomkabidhi Aabria Iyengar mfululizo wa Exandria Unlimited mwaka 2021, watazamaji walishuhudia ulimwengu waliodhani wanaujua ukiendeshwa kwa mwendo mwingine: matukio ya haraka, mizaha mingi zaidi, na wachezaji wakisukumwa mapema kueleza mioyo ya wahusika wao. Wapo waliolalamika kwamba hakufuata mazoea. Kwangu mimi hilo ndilo lililoupa mfululizo huo thamani.

Lazima niseme pia kuhusu hatari, kwa kuwa kumkaribisha mtu mezani bila kumlinda ni kumdhulumu. Hatari ya kwanza iko mezani penyewe: hadithi isiyo na mswada inaweza kumfikisha mchezaji mahali panapomuumiza, na kamera humfanya aone aibu kusema basi. Kwa hiyo makundi makini hufanya kikao cha awali cha kukubaliana mambo yasiyoguswa, na mengi hutumia kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo mchezaji akiigusa, jambo lililoletwa huondolewa na hakuna anayemuuliza sababu. Wapo wanaodhani vizuizi hivi huua ubunifu. Ninachokiona mimi kwenye vipindi ni kinyume chake, kwa maana mchezaji anayejua kwamba mlango wa kutokea uko wazi huthubutu kuingia ndani zaidi.

Hatari ya pili iko nje ya meza, katika gumzo linalokwenda sambamba na matangazo ya mubashara. Mwaka 2021 watangazaji wa Twitch, hasa weusi na wale wa jamii za wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, walivamiwa na mamia ya akaunti bandia zilizojaza matusi kwenye gumzo zao, na tarehe 1 Septemba mwaka huo wengi waligoma kurusha matangazo kwa siku nzima ili jukwaa lichukue hatua. Baadaye mwezi huohuo Twitch ilileta njia ya kuwataka wachangiaji wathibitishe namba zao za simu. Vipindi vinavyorekodiwa kabla na kuhaririwa, kama Dimension 20, huwaepusha wachezaji na mvua hiyo wakati wa kucheza, ingawa hupoteza ule msisimko wa kujua kwamba dadu inaviringika sasa hivi. Mimi ningekubali hasara hiyo bila kusita pale ambapo mchezaji mwenyewe ameiomba.

Nimalizie na umiliki, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inapopimwa. Mwaka 2019 Critical Role iliomba michango ya dola 750,000 kwa ajili ya katuni itokanayo na hadithi yake ya kwanza, na watu 88,887 walichanga zaidi ya dola milioni 11. Fedha hizo zilithibitisha kwamba mambo yaliyosemwa mezani kwa mzaha yanaweza kugeuka kuwa mali: katuni, vitabu vya picha, sanamu, nguo. Wachezaji waanzilishi wa kundi hilo walikuwa tayari na kampuni yao wenyewe, hivyo mali hiyo ilibaki mikononi mwao. Kundi hilo limekosolewa mara nyingi kwa kuwa la wazungu, na kampeni yake ya nne, yaani hadithi yake ndefu ya nne, iliyoanza Oktoba 2025 chini ya Brennan Lee Mulligan, imeipanua meza hadi wachezaji 13, Aabria Iyengar na Luis Carazo wakiwamo. Hatua hiyo naipokea kwa furaha. Lakini katika vipindi vingi, vikubwa na vidogo, wachezaji wa asili mbalimbali huja kama wageni wa kikao kimoja au mfululizo mmoja, na mgeni humleta mhusika aliyemlea kichwani mwake kwa muda mrefu, humpa sauti na maneno, kisha huondoka. Mhusika huyo akipendwa na watazamaji, ni nani atakayeruhusiwa kumchapisha, kumuuza au kumrudisha msimu ujao akisemewa na mtu mwingine? Tukikubali kwamba mchezaji ni mwandishi, mkataba wake unapaswa kulijibu swali hilo kwa maandishi kabla kamera haijawashwa, na malipo yake yahesabiwe kwa kazi ya kutunga pamoja na saa alizokaa kitini.